Krimu za Magendo na Mifupa ya Mtumiaji

Mwishoni mwa mwaka 2018 Serikali ya Rwanda iliamua kuukabili kwa nguvu uuzaji wa krimu za kujichubua. Polisi wa nchi hiyo jirani, wakifuatana na maofisa wa viwango na wa udhibiti wa dawa, waliingia madukani na masokoni wakakamata shehena zilizopigwa marufuku. Yaliyosemwa zaidi wakati huo yalikuwa madhara ya zebaki na haidrokwinoni. Lakini katika krimu nyingi zinazouzwa kwa magendo barani Afrika kimo kiambato kingine ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni steroidi kali iitwayo klobetasoli.

Steroidi yenyewe si sumu. Ni dawa halali, na yenye manufaa makubwa. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani, Sulzberger na Witten, walieleza jinsi marhamu ya haidrokotisoni ilivyowatuliza wagonjwa wa ngozi, na tangu hapo dawa za jamii hiyo zimekuwa tegemeo la wenye pumu ya ngozi, yaani ule ugonjwa wa ngozi kukauka, kuvimba na kuwasha usiku kucha. Askari mwenye ugonjwa huu anaujua vizuri: jasho la gwaride na sare nzito huuchochea. Akipewa na daktari krimu ya kiasi kwa siku chache, hana sababu ya kuiogopa.

Hatari inaanzia kwenye wingi na muda. Mfupa wa binadamu haukai kama jiwe. Kila siku sehemu zake chakavu hubomolewa na nyingine hujengwa. Steroidi ikizidi mwilini huwadhoofisha wajenzi hao, hupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni na kuongeza ile inayopotea kwa mkojo. Mfupa hubaki na umbo lake lakini ndani umekuwa mwepesi, na pingili za mgongo na nyonga ndizo huvunjika kwa kishindo kidogo. Vidonge, kama vile predinisoloni, ndivyo vyenye hatari kubwa zaidi, hasa vikitumiwa kwa miezi 3 au zaidi. Na mfupa hupungua kwa kasi katika miezi ile ya mwanzo, kabla mtu hajahisi lolote.

Je, krimu nayo hufika mfupani? Uchunguzi wa Denmark uliotangazwa mwaka 2021, uliohusu watu wazima zaidi ya 700,000 waliotumia krimu kali, ulionyesha kwamba kila jumla ya dawa iliyotumiwa ilipoongezeka maradufu, uwezekano wa mifupa kudhoofika na kuvunjika uliongezeka kwa asilimia 3. Hilo ni ongezeko dogo, wala halimpi mgonjwa sababu ya kutupa dawa yake. Lakini wale walikuwa wagonjwa walioandikiwa dawa na daktari. Klobetasoli hospitalini haizidishwi gramu 50 kwa juma, wala majuma 2 mfululizo. Anayejichubua huipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka.

Tanzania nayo imekataza vipodozi vyenye steroidi, na inapakana na Rwanda pale Rusumo. Ni desturi ya magendo kwamba bidhaa ikibanwa upande mmoja hutafuta mlango upande wa pili. Kwa mkaguzi wa mpakani, basi, kopo lisiloorodhesha viambato, au kasha la dawa ya hospitali lililochanganywa na manukato na sabuni, linastahili kutazamwa mara mbili.

Mtumiaji aliyekwisha kuzoea krimu hizo kwa muda mrefu, au aliyemeza vidonge kwa majuma mengi, hapaswi kuacha ghafla. Mwili wake huenda umekwisha kupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukatiza dawa kwa siku moja kunaweza kumwangusha. Aende kwa daktari na kopo lake mkononi, aseme ametumia kiasi gani na tangu lini, ili dawa ipunguzwe hatua kwa hatua na, panapohitajika, mifupa yake ipimwe.