Kiatu cha mtoto mdogo: tupime mguu mbele ya kutoa franka



Juma hili tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachokula franka nyingi: kiatu cha mtoto anayeanza kutembea, yaani wa mwaka 1 hadi 3. Katika vikundi vyetu swali linarudi kila mara: tununue kikubwa ili akivae muda mrefu, ama tununue kinachomtosha leo, hata kama baada ya miezi michache kitambana? Jibu letu ni fupi. Mguu upimwe kwanza. Kupima hakuombi hata franka moja, na kunatuepusha kulipa mara mbili.

Ndani miguu mitupu, nje kiatu

Mtoto aliyeanza tu kusimama hana haja ya kiatu ndani ya nyumba. Akikanyaga simenti ama mkeka kwa miguu mitupu, vidole vinashika chini, misuli inapata nguvu, naye anajifunza kusimama sawasawa. Mwaka 1992 waganga wawili wa India, Rao na Joseph, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13. Kati ya waliozoea viatu, karibu 9 katika 100 walikuwa na mguu bapa. Kati ya wale waliotembea bila viatu, walikuwa karibu 3 tu katika 100.

Basi kazi ya kiatu ni kulinda mguu. Mguu wenyewe unajitengeneza. Unyayo wa mtoto wa miaka 2 ukionekana bapa, tusishtuke: una mafuta bado, na upinde wake unatokea polepole katika miaka inayofuata. Muuzaji akituambia kuna kiatu cha bei kali cha “kunyoosha mguu”, tumwachie. Lakini mtoto akichechemea, akilia kila anapokanyaga, ama mguu mmoja ukiwa tofauti na mwingine, apelekwe kwenye kituo cha afya.

Nje mambo ni mengine. Hapa Likasi kuna misumari, vipande vya chupa na mawe makali njiani. Wakati wa mvua, minyoo ya safura inakaa katika udongo mbichi wenye uchafu wa choo. Inaingia kwa ngozi ya mguu, inafika tumboni, inanyonya damu, na mtoto anapungukiwa damu. Wakati wa kiangazi, matekenya wanangoja katika vumbi. Na jeraha la msumari linaweza kuleta pepopunda. Ndiyo sababu sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zisikose hata moja.

Kwa nini kikubwa sana si akiba

Kati ya mwaka 1 na miaka 3, mguu wa mtoto unaweza kuzidi namba 2 hivi ama hata 3 kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana wengi wetu tunapenda kuruka namba 3 kwa mara moja. Lakini namba 3 ni sentimita 2 za nafasi tupu mbele ya vidole. Kiatu kinateleza, kisigino kinatoka, mtoto anajikwaa na kuanguka. Tukijaza karatasi ama kitambaa mbele, kisigino kinaendelea kucheza. Mwishowe mtoto anakataa kukivaa, na siku mguu unapokijaza, soli imekwisha.

Kiatu kidogo nacho kina hatari yake, na hatari hiyo inajificha. Mifupa ya mguu wa mtoto ni laini bado. Kiatu kikimbana, vidole vinajikunja kimya kimya, na mara nyingi mtoto halii. Tuangalie alama nyekundu juu ya vidole na kwenye kisigino kila tunapomvua.

Namna ya kupima

Tunahitaji karatasi, kalamu, rula na kijiti.

1. Tupime jioni, kwa sababu miguu inavimba kidogo mchana.
2. Mtoto asimame juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimegusa ukuta. Akikaa, mguu unaonekana mfupi kuliko ulivyo.
3. Tuweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Si lazima kiwe kidole gumba.
4. Tupime miguu yote miwili na kushika kipimo cha ule mrefu.
5. Tuongeze sentimita 1. Hiyo ndiyo nafasi ya kukua na ya kusogeza vidole.
6. Tukate kijiti cha urefu huo. Kijiti ndicho kitakachokwenda sokoni. Mtoto anaweza kubaki nyumbani.

Namba inayoandikwa kwenye viatu vya Ulaya inapatikana kwa hesabu ndogo: urefu wa ndani ya kiatu kwa sentimita, mara 1.5. Mguu wa sentimita 13, ukiongeza 1, ni 14. Mara 1.5 ni 21. Lakini Uingereza na Marekani zina namba zao, na viwanda vingine haviheshimu namba. Kwa hiyo tuamini kijiti kuliko namba. Na tusinunue kwa umri: watoto wawili wa miaka 2 wanaweza kupishana namba 2 ama 3.

Tupime tena kila miezi 2. Nafasi ya mbele ikibaki nusu sentimita, ni wakati wa kuanza kutafuta kingine.

Sokoni

Iwe Kikula ama katikati ya mji, tunakuta viatu vipya vya bei ndogo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa, vile ambavyo jirani zetu wa Zambia wanaviita salaula. Vyote vinaweza kufaa, na vyote vinaweza kutudanganya. Kijiti kikishaingia vizuri, tuangalie haya:

Soli ikunjike kwa mkono mmoja pale vidole vinapoanzia. Ikiwa ngumu kama ubao, mtoto atatembea akiburuta miguu. Mbele kuwe na upana wa kutosha vidole kulala bila kupandana. Nyuma kuwe imara, na kuwe na kamba, kifungo ama mkanda wa kushika mguu. Sapatu zisizo na mkanda wa nyuma hazimfai anayejifunza kutembea. Tuingize mkono ndani hadi mwisho: mshono mkali ama msumari unaosikika kwa kidole chetu utamkata mtoto.

Kwa kiatu kilichovaliwa, tukigeuze na kuangalia soli. Ikiwa imelika upande mmoja, tukiache, maana kitavuta mguu wa mtoto wetu upande huohuo. Kisigino kilicholala nacho tukiache. Fundi wa viatu anaweza kushona pembeni ama kubadilisha kamba. Kisigino kilichopinda harudishi. Mbele ya kumvika mtoto, tukioshe kwa sabuni ndani na nje, kisha tukianike hadi kikauke kabisa.

Kiatu cha plastiki kinaoshwa upesi na kinavumilia matope, lakini miguu inatoka jasho ndani yake. Kikivaliwa na soksi na kuvuliwa nyumbani, kinasaidia vizuri.

Kiatu kibaki mlangoni

Tunaishi katika mji wa shaba na kobalti. Mwaka 2009 wachunguzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi katika mkojo wao, na watoto zaidi. Mtoto mdogo anatambaa, anaokota, anatia mkono kinywani. Vumbi la njiani linaloingia na viatu linaishia katika chakula chake. Viatu vyetu na vya baba pia vivuliwe mlangoni, nyumba ifagiliwe kwa kunyunyiza maji, na mtoto anawe mikono mbele ya kula. Hivyo miguu mitupu ya ndani itakuwa salama.

Tusaidiane

Mtoto mdogo anaacha kiatu kikiwa kizima bado. Kwa hiyo tunashauri kila kikundi kiwe na sanduku la viatu. Mama analeta kilichokuwa kidogo, kimeoshwa, na ndani yake karatasi yenye urefu wa ndani kwa sentimita. Anachagua kingine kwa kijiti chake. Visivyofaa tena, vilivyopinda kisigino, visiingie sandukuni.

Na wale wenye likelemba wanaweza kutenga sehemu ndogo kila juma kwa viatu vya wadogo, ili mvua za kwanza zisitukute mikono mitupu. Katika mkutano ujao kila mama aje na kijiti cha mtoto wake, na jozi moja anayoweza kuiachia. Wenye rula watapima pamoja na wengine.