Mchezo ni Somo: Jinsi Mtoto wa Madarasa ya Chini Anavyojifunza Kuhesabu na Kusema

Wazazi wengi huamini kwamba mchezo na masomo ni mambo mawili yasiyoweza kukaa chumba kimoja. Mtoto akionekana anacheza, husemwa kwamba anapoteza wakati. Akiketi kimya mbele ya ubao, husemwa kwamba anajifunza. Imani hiyo haiungwi mkono na sayansi ya makuzi ya mtoto. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane, mchezo ni mojawapo ya njia zenye nguvu zaidi za kujipatia maarifa. Lakini sayansi hiyohiyo inatufundisha jambo la pili, ambalo aghalabu husahauliwa na wanaousifu mchezo: si kila mchezo hufundisha kila kitu. Makala haya yanakusudia kuyaeleza mambo hayo mawili, na kuonyesha namna yanavyoweza kutumika katika madarasa ya chini ya mahali kama Bulyaga, kata mojawapo ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe.

Mzigo wa mtoto anayeanza shule

Mtoto wa Bulyaga anapoingia darasa la kwanza hubebeshwa mizigo kadhaa kwa wakati mmoja. Huenda nyumbani huzungumza Kinyakyusa zaidi kuliko Kiswahili, na sasa masomo yote ni kwa Kiswahili. Hana budi kujifunza kwamba alama ziandikwazo ubaoni ni sauti, na kwamba alama nyingine ni idadi. Tena anatakiwa ayafanye hayo akiwa miongoni mwa watoto wengi, mbele ya mwalimu mmoja.

Njia inayotumika mara nyingi ni ya kuitikia kwa pamoja. Mwalimu husema, darasa zima hurudia, nalo hurudia kwa sauti nzuri ya kupendeza. Njia hii si mbaya kwa kukariri majina ya namba. Kasoro yake ni kwamba jina la namba si namba yenyewe. Mtoto aweza kuimba kuanzia moja hadi ishirini bila kukosea, lakini akiambiwa alete mawe sita akaleta konzi ya mawe tu. Kwake yeye "sita" ni neno linalofuata "tano" katika wimbo. Bado si kipimo cha wingi.

Mwanasayansi wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alilionyesha jambo hili kwa jaribio jepesi. Alipanga vitu katika safu mbili zilizo sawa kwa idadi, kisha akaitawanya safu moja hata ikawa ndefu kuliko nyenzake. Watoto wadogo walisema kwamba safu ndefu ndiyo yenye vitu vingi, ijapokuwa hakuna kilichoongezwa. Piaget alihitimisha kwamba mtoto huanza kuushinda udanganyifu huo wa macho anapokaribia miaka saba.

Katikati ya miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Uskoti walilirudia jaribio hilo kwa sura nyingine. Safari hii safu haikutawanywa na mtu mzima mwenye uso mkavu, bali na mwanasesere, dubu mtundu aliyejitia kuuharibu mchezo. Watoto wengi zaidi wa umri uleule walijibu sawasawa. Akili zao zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba swali sasa lilikuwa na maana kwao. Hii ndiyo faida ya kwanza ya mchezo: humpa mtoto sababu ya kufikiri.

Hesabu iliyomo katika mdako

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mchezo wa hesabu. Watoto wetu, hasa wasichana, hucheza mdako. Huchimba kishimo, wakatia vijiwe. Mchezaji hurusha jiwe moja juu, na kabla halijaanguka hukomba vijiwe kutoka shimoni, kisha akalidaka. Hurusha tena, na safari hii huvirudisha shimoni vile alivyovitoa, isipokuwa kimoja ambacho ni chake. Katika duru ifuatayo hutakiwa kubakiza viwili, halafu vitatu, na kuendelea. Kanuni hutofautiana kidogo baina ya mahali na mahali, lakini msingi ni huo.

Tuangalie kinachotendeka. Mtoto amekomba vijiwe saba katika duru ya kubakiza viwili. Hana budi kuona mara moja kwamba saba ni mbili na tano, kwa maana asiporudisha vitano kamili amepoteza zamu. Hana nafasi ya kuhesabu kwa vidole, kwani jiwe liko hewani. Basi hulazimika kuitambua idadi kwa kuitazama tu, na kuigawa namba katika mafungu. Hayo ni matendo mawili ya akili yaliyo msingi wa kujumlisha na kutoa. Tena akikosea, hahitaji mwalimu amwekee alama ya mkasi. Wenzake watamwambia papo hapo.

Lakini mtoto huyohuyo, hodari wa mdako uwanjani, aweza kuingia darasani akashindwa kuandika jibu la 7 – 2. Ujuzi wake umebaki mikononi. Haujaunganishwa na maneno wala alama. Kuuunganisha ndiko kazi ya mwalimu. Mwalimu akiketi na kundi la wachezaji na kuuliza, "Umetoa vingapi? Umebakiza vingapi? Vilivyorudi ni vingapi?", kisha akawaonyesha jinsi mambo hayo yanavyoandikwa ubaoni, mchezo umekuwa somo pasipo kuacha kuwa mchezo.

Si kila mchezo hufundisha

Umuhimu wa mpango wa mwalimu ulithibitishwa na uchunguzi wa Geetha Ramani na Robert Siegler uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2008. Watafiti hao waliwachukua watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo, ambao hawajaanza darasa la kwanza, wakawagawa katika makundi mawili. Kundi moja lilicheza mchezo wa kusogeza kete katika mstari wa visanduku kumi vilivyoandikwa 1 hadi 10. Kundi la pili lilicheza mchezo uleule, ila visanduku vilikuwa na rangi badala ya namba. Kila mtoto alicheza mara nne, kiasi cha robo saa kila mara, katika muda wa majuma mawili.

Kwa jumla ya saa moja hivi, watoto wa kundi la kwanza waliendelea vizuri katika kuhesabu, kuzitambua tarakimu, na kusema ipi kati ya namba mbili ni kubwa. Majuma tisa baadaye faida hiyo ilikuwa bado inaonekana. Watoto wa kundi la rangi walicheza vilevile, lakini maarifa yao ya namba hayakuendelea hivyo. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2009, ulionyesha pia kwamba visanduku vikipangwa katika duara badala ya mstari, faida hupungua.

Sababu yake yafahamika. Katika mstari, mtoto anayefika 8 amesogeza kete mara nyingi zaidi, ametamka majina mengi zaidi, na amekwenda mbali zaidi kuliko aliyefika 3. Jicho, mkono, ulimi na wakati vyote humwambia jambo moja: nane ni kubwa kuliko tatu. Duara haitoi ushahidi huo kwa uwazi. Aidha, kuna kanuni ndogo isiyopaswa kusahauliwa: mtoto aliyeko 4 akipata 2, aseme "tano, sita" anaposogea, wala si "moja, mbili". Akisema "moja, mbili" amehesabu hatua, lakini hajajua yuko wapi.

Mchezo huu waweza kutengenezwa Bulyaga bila gharama. Mstari wa visanduku huchorwa kwa chaki sakafuni au kwa kijiti ardhini. Kete ni mbegu, na kisoda kimoja kilichoandikwa 1 ndani na 2 nje hutosha kuwa cha kurusha.

Kijiti kuwa gari

Katika lugha, mchezo ufaao zaidi ni ule wa kuigiza. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky (1896–1934), alieleza kwamba mtoto anapokipanda kijiti na kukiita farasi, anafanya kazi kubwa ya akili: anaitenga maana na kitu chenyewe. Watoto wa Rungwe hufanya hivyo kila siku. Kipande cha mwanzi huwa gari, na majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba huwa mpira. Mtoto aliyekwisha kukubali kwamba mwanzi ni gari ameanza kuiendea njia ya kusoma, kwa sababu kusoma ni kukubali kwamba alama fulani ni sauti fulani.

Hali kadhalika, katika mchezo wa duka au soko mtoto hulazimika kusema. Mmoja ni muuzaji wa ndizi na maparachichi, mwingine ni mnunuzi. Visoda ni fedha. Mnunuzi husalimu, huuliza bei, huomba apunguziwe, hudai chenji. Mtoto ambaye angeona haya kujibu swali la mwalimu kwa Kiswahili mbele ya darasa zima, hapa hukitumia kwa lazima, kwani asiposema hapati ndizi. Na akikwama, mwenzake humwazima neno. Vygotsky aliongeza kwamba katika mchezo mtoto hujifunza kujitawala: aliye muuzaji hawezi kuondoka dukani apendapo, kwa kuwa kanuni za mchezo zinamkataza.

Ukwangala: elimu ya marika

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Historia ya Rungwe yenyewe yakanusha. Monica Wilson na mumewe Godfrey Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 Monica Wilson alieleza juu ya vijiji vya marika. Wavulana wa umri mmoja, waliokwisha kuchunga ng'ombe pamoja tangu wakiwa wadogo, walipofikia miaka kumi au kumi na mmoja walianza kujijengea vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Vibanda hivyo vya watoto viliboreshwa kadiri wajenzi walivyokua, na mwishowe mahali hapo pakawa kijiji kamili cha watu wazima wenye wake na watoto.

Msingi wa maisha hayo uliitwa ukwangala, yaani raha ya kuwa pamoja na wenzi, kuzungumza na kubishana kwa heshima. Wilson aliandika kwamba Wanyakyusa waliyahesabu mazungumzo hayo ya walio sawa kuwa njia kuu ya elimu. Vijiji vya marika vimekwisha, wala hatuna sababu ya kuvirudisha. Tena vilikuwa vya wavulana, na wasichana hawakupata nafasi hiyo. Lakini wazo lake linafaa hata leo, kwa wavulana na wasichana pamoja: mtu hupata akili kwa kuzungumza na wenzake, si kwa kumsikiliza mkubwa peke yake.

Vikwazo na namna ya kuvikabili

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulielekeza nguvu katika kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa kuwa ilikuwa imedhihirika kwamba watoto wengi walivuka madarasa ya chini bila kuzimudu stadi hizo. Mtoto wa namna hiyo huhama darasa, lakini pengo huhama naye, na kila mwaka huzidi kupanuka. Kwa hiyo wakati wa kulizuia ni mwanzoni.

Kikwazo cha kwanza ni wingi wa watoto. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na 25 katika darasa la awali, lakini madarasa mengi huzidi hapo. Njia ifaayo ni kuwagawa watoto katika makundi madogo. Watoto 45 ni makundi tisa ya watano watano. Siku moja makundi matatu hucheza karibu na mwalimu, sita huandika. Siku ya pili hupokezana. Katika siku tatu kila mtoto amesikilizwa.

Kikwazo cha pili ni mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kwa miezi mingi uwanja huwa tope. Basi michezo ipangwe kuchezwa ndani: mdako huweza kuchezwa katika duara la chaki sakafuni, na duka huweza kufunguliwa juu ya dawati. Na katika somo la sayansi, Rungwe ina zawadi yake. Yale mawe mepesi yenye vitundu, yaliyotapikwa na volkano ya mlima Rungwe zamani, huelea majini. Mtoto na akisie kwanza, kisha aliweke jiwe katika ndoo ajionee.

Kikwazo cha tatu ni shaka ya wazazi, na dawa yake ni matokeo. Yapo ya kutosha katika Afrika Mashariki. Huko Mombasa tangu miaka ya 1980, kisha Zanzibar na Uganda, shule za awali za jumuiya zilizoungana na madrasa zilitumia michezo na vifaa vilivyotengenezwa kwa mali ya mahali hapo, na wanafunzi wake walipopimwa walionekana kuendelea vizuri kuliko watoto ambao hawakupitia shule za awali. Katika miaka ya 2000 Zanzibar ilifundisha watoto wadogo kwa vipindi vya redio vilivyoitwa "Tucheze Tujifunze".

Kwa ufupi, mwalimu anayetaka kutumia mchezo na ajiulize maswali matatu kabla ya kipindi: Nataka mtoto ajue nini? Ni sehemu gani ya mchezo itakayomlazimu kulitumia jambo hilo? Nitamwuliza nini ili alitamke na kuliandika? Akiwa na majibu, kelele za darasa lake zisimtie hofu mwalimu mkuu wala mzazi apitaye dirishani. Asipokuwa nayo, hata darasa lililo kimya kabisa laweza kuwa halijifunzi kitu.