MTO WA MCHANGA

Nikikuambia, ndugu msikilizaji, kwamba upo mji ambako mashindano ya mashua yalifutwa kwa sababu mto ulikuwa na maji, utadhani nimekosea kusoma karatasi iliyo mbele yangu. Sikukosea. Mji huo ni Alice Springs, katikati ya Australia, na mto wenyewe ni Todd. Mashindano hayo yalianza mwaka 1962. Mashua hazina sakafu. Mabaharia huingia ndani, huzishika ubavuni na kutimua mbio mchangani. Mwaka 1993 mto ulishuka maji, mashindano yakafutwa.

Mto Todd huanzia katika vilima vya mawe kaskazini ya mji, kwenye safu ya milima ya MacDonnell. Huteremka kusini, hukatiza mjini, hupenya mwanya wa mlimani uitwao Heavitree Gap, kisha huelekea kusini-mashariki na kupotelea katika jangwa la Simpson. Baharini haufiki.

Mvua ya huko ni kama milimita 280 tu kwa mwaka, wala haina msimu wa kutegemewa. Kwa hiyo siku nyingi mto huwa mkavu. Lakini chini ya mchanga mna maji, ndiyo maana mikaratusi mikubwa imesimama hata katikati ya mkondo.

Mto huu umekwisha wadanganya wageni. Mwaka 1871 wapimaji wa njia ya simu ya maandishi waliona dimbwi humo, wakadhani ni chemchemi, wakaipa jina la Alice, mke wa mkuu wao Charles Todd. Kumbe yalikuwa maji ya mto yaliyobaki. Waarrernte, wenyeji wa pale tangu kale, walikuwa na jina lao: Lhere Mparntwe.

Hatari yake ni hii: mvua kubwa ikipiga vilimani, mawe hayanywi maji. Yote huporomoka kwa pamoja. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1988 mafuriko yaliua watu watatu mjini. Serikali ya Northern Territory ikataka kujenga bwawa juu ya mji. Waarrernte wakakataa, kwani maji yangefunika mahali pao patakatifu, hasa pa wanawake. Mwaka 1992 Robert Tickner, waziri wa serikali kuu, akazuia ujenzi huo kwa miaka 20.

Mimi siwezi kumlaumu aliyetaka bwawa baada ya kuzika watu, wala aliyekataa urithi wake uzamishwe. Ninalojifunza ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana jambo moja: ule haukuwa mchanga mtupu. Maji hufuata mkondo, na yakiondoka, mkondo hubaki ukiyangoja. Ukipita penye korongo kavu, ndugu yangu, usiulize maji yako wapi. Uliza yatapita wapi yatakaporudi.