Robo Yenye Mkia

Kitendawili!

Nimesikia "tega", hata wewe uliyeitika kimoyomoyo kule nyuma. Basi tegeni masikio: Italia naitwa konokono. Urusi naitwa mbwa. Uholanzi mimi ni kijimkia cha nyani, na Ugiriki ni kifaranga cha bata. Kwenye simu ya mama yako nimekaa katikati ya anwani, mdogo, nimejikunja, lakini ukinisahau barua haifiki. Mimi nani?

Kinyonga? Hapana, ingawa aliyesema kinyonga ameuona ule mkia, na nampa sifa zake. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mombasa sitaki, Mombasa nimepewa tangu nikiwa na meno ya utoto. Zanzibar nayo nimeimaliza. Leo nipeni Seville, kule Hispania.

Mmenipa. Basi nikaenda Seville, nikafika tarehe 4 Mei 1536, nikamkuta mfanyabiashara wa kutoka Florence, jina lake Francesco Lapi, ameinamia karatasi. Anaandika barua ya kwenda Roma, na ndani yake anaeleza bei ya mvinyo huko Peru, nchi ambayo Wahispania walikuwa wameivamia miaka michache tu nyuma. Kila anapofika pa kutaja kipimo cha mvinyo hajisumbui kuandika neno zima. Anaweka a ndogo, kisha mkia wake anauzungusha mpaka unaizingira a yenyewe, hivi: @.

Hilo ndilo jibu. Barua ya Lapi ilikaa kimya kwa karne nyingi, hadi mwaka 2000 profesa mmoja wa Roma, Giorgio Stabile, alipoitoa hadharani, na watu wakashangaa kuikuta alama ya barua pepe kwenye hesabu za mvinyo.

Lakini msiondoke Seville bado, utamu uko hapa hapa. Wahispania alama hiyo waliiita arroba, na mpaka leo wanaiita hivyo. Litamkeni neno hilo polepole. Arroba. Halijawagusa sikio?

Waarabu na Waberiberi walivuka bahari kuingia Hispania mwaka 711, na utawala wa Waislamu haukuisha huko mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492. Wafalme waliondoka, maneno ya sokoni yakabaki. Mojawapo lilikuwa ar-rub'u, yaani sehemu moja ya nne. Mzigo mkubwa wa sokoni ulikuwa na ratili 100. Ukiugawa mara nne unapata ratili 25, karibu kilo 11 na nusu. Hiyo ndiyo arroba.

Sasa neno hilohilo la Kiarabu lilipanda chombo kingine. Lilikuja na majahazi yanayosukumwa na kaskazi, likashuka pwani yetu, likaingia dukani, na kesho asubuhi mtatumwa kwa Mangi mkaseme: "Nipimie robo ya sukari." Robo! Robo na arroba ni mabinamu. Mmoja alikwenda magharibi, mwingine akaja kusini, wala hawajaonana.

Mtauliza hiyo a ya mwanzo imetoka wapi. Waliopita madrasa wanajua kwamba "al" ya Kiarabu ikikutana na r, l humezwa, ndiyo maana tunasema ar-Rahmani. Mhispania aliposikia ar-rub'u akadhani yote ni neno moja, akalibeba zimazima na kofia yake. Sisi tuliivua kofia mlangoni. Na si neno hilo tu. Sukari kwa Kihispania ni azúcar, nayo imevaa kofia ileile. Kwa hiyo "arroba de azúcar" ya Mhispania na "robo ya sukari" yako ni kauli moja iliyolelewa na mama wawili. Ila angalia mfuko wako: yako ni gramu 250, yake ungehitaji punda.

Brazili, wanakozungumza Kireno, arroba bado inafanya kazi yake ya zamani. Bei ya ng'ombe hutajwa kwa arroba, nayo huko ni kilo 15 kamili. Mfugaji anaweza kupokea barua pepe inayomwambia bei ya ng'ombe wake kwa arroba, na arroba nyingine imekaa kwenye anwani juu.

Haya, tukimbie kidogo. Wafanyabiashara wa Uingereza na Marekani waliitumia alama hiyo kwa maana ya "kila kimoja kwa bei ya": mayai 12 @ senti 5. Kwa sababu ya hesabu hizo ikapata kiti kwenye taipureta, ikahamia kwenye kibodi za kompyuta, ikakaa huko bila kazi nyingi.

Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, alikuwa akitafuta namna ya kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la mashine, na iwe alama ambayo hakuna binadamu anayeiweka kwenye jina lake. Jicho likaangukia @. Kwa Kiingereza husomeka "at", yaani "kwenye": fulani, kwenye mashine fulani. Alijitumia ujumbe mwenyewe, kati ya kompyuta mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, na baadaye hakukumbuka aliandika nini. Mimi ningeandika jina la bibi yangu, walau lingebaki.

Barua pepe ilipoenea, kila nchi ikakipokea kimdudu hiki na kukipa jina. Hispania haikuhangaika, ilikuwa na arroba yake. Wengine waliangalia umbo tu. Wadenmaki wakaona a yenye mkonga. Wahungaria wakaona mnyoo. Wafini wakaona paka aliyelala amejikunja, wakaiita miukumauku, ile sauti ya nyau. Taiwan ni panya mdogo. Wacheki, na hawa nawapenda sana, waliona zavináč, samaki anayekunjwa na kulazwa kwenye siki. Bila shaka aliyelitoa alikuwa na njaa. Ila Waitalia ndio waliowazidi wote kwa dhihaka: barua iendayo kasi kama umeme, katikati wameiwekea konokono.

Na sisi? Wengi wetu huku tunaisoma kwa Kiingereza tu, "at", ambayo midomoni mwetu huishia kuwa "ati". Jaribu kumsomea babu anwani yako kwenye simu. Utasema, "Juma, ati..." naye atadakia, "Ati nini?" Utarudia, naye atarudia, mpaka salio liishe.

Lakini Waswahili si wa huku peke yake. Aliyesoma Lubumbashi au Bujumbura, kwa Kifaransa, hasemi "ati". Yeye husema arobase, na Wafaransa inaelekea walilichota kwa jirani yao Mhispania. Siku mkikutana naye mwambieni alitamke taratibu, msikilize kilichokaa katikati: a-roba-ze.

Haya, Seville yenu hiyo, nawarudishia.