AISKRIMU DARASANI: KITU KIMOJA, MASOMO MENGI



Watoto wanapenda aiskrimu. Muuzaji akipiga kengele yake karibu na shule, watoto humkimbilia. Wazazi wengi hufikiri kwamba aiskrimu ni kitu cha kupoteza fedha tu.

Lakini aiskrimu inaweza kufundisha. Mwalimu anaweza kuchukua kitu hiki kimoja, akakitumia katika sayansi, hesabu, jiografia na Kiswahili. Sisi wakulima tunaijua njia hii. Shamba la mahindi lina hesabu ya mbegu. Lina mvua, lina wadudu, lina bei ya soko. Mkulima hajifunzi mambo haya mbalimbali. Hujifunza yote pamoja, kwa sababu yote yako shambani.

KIJANA WA MAGAMBA

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe. Yakisha kupoa waliyaweka ndani ya friji. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo waliigombea.

Siku moja Mpemba aliona nafasi inakwisha. Mwenzake mmoja alitia sukari katika maziwa bila kuyachemsha, akawahi kuyaweka. Mpemba naye hakungoja. Aliyaweka maziwa yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu walikwenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajaganda.

Mpemba alimwuliza mwalimu: kwa nini maziwa ya moto yameganda kwanza? Mwalimu alimjibu kwamba haiwezekani, na kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, mjini Tanga, rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kuwa yeye huweka mchanganyiko ukiwa moto, kwa sababu huganda upesi.

Mpemba aliendelea na masomo katika Shule ya Mkwawa, Iringa. Huko aliuliza tena. Mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba mwenyewe, si ya watu wote. Tangu hapo, akikosea hesabu, alichekwa kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Hata hivyo hakunyamaza. Alijaribu mwenyewe kwa maji ya moto na maji ya bomba.

Ndipo shule ikatembelewa na Dkt. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba alimwuliza swali lilelile mbele ya wote. Wanafunzi walicheka. Lakini Osborne aliporudi Dar es Salaam, aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Maji ya moto yaliganda kwanza. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Leo wataalamu duniani wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wataalamu bado wanabishana. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa mvuke, kwa hiyo yanayobaki ni machache. Wengine husema chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake, kikagusana vizuri na ubaridi. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu mkubwa. Wao hawakuona maji ya moto yakipoa upesi zaidi. Basi swali la mtoto wa shule limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka hamsini.

SAYANSI

Ndugu msomaji, mtindi tunasema umeganda. Aiskrimu nayo tunasema imeganda. Je, ni kuganda kwa namna moja? Sivyo. Mtindi huganda kwa kazi ya vijidudu vinavyoleta uchachu. Ukiupasha moto haurudi kuwa maziwa mabichi. Aiskrimu huganda kwa baridi. Ukiiacha juani huyeyuka. Mtoto akiona vyote viwili katika vikombe, hatasahau tofauti yake.

Shule isiyo na friji inaweza pia kutengeneza aiskrimu. Zinahitajika barafu na chumvi. Fanyeni hivi:

1. Chemsheni maziwa. Tieni sukari, koroga, acheni yapoe.
2. Tieni maziwa katika kopo safi lenye mfuniko. Msilijaze.
3. Wekeni kopo ndani ya ndoo. Lizungusheni barafu iliyopondwa pamoja na chumvi. Vipimo vitatu vya barafu kwa kipimo kimoja cha chumvi.
4. Zungusheni kopo bila kuacha. Mara kwa mara fungueni na kukoroga. Angalieni chumvi isiingie ndani.

Kwa nini chumvi? Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Maji ya chumvi huganda kwenye baridi kali zaidi. Chumvi ikigusa barafu, barafu huanza kuyeyuka, na katika kuyeyuka huvuta joto kutoka kwenye maziwa. Ndoo huwa na baridi kuliko barafu tupu. Watoto wasishike mchanganyiko huo kwa muda mrefu. Baridi yake huunguza ngozi.

HESABU

Tuseme darasa limenunua maziwa lita 2 kwa shilingi 2,000 kila lita. Sukari ni shilingi 800. Barafu na chumvi ni shilingi 1,000. Gharama yote ni shilingi 5,800. Lita 2 zinatoa vikombe 20 vya mililita 100. Wakiuza kila kikombe shilingi 400, watapata shilingi 8,000. Faida ni shilingi 2,200.

Mtoto akisahau barafu na chumvi atasema faida ni shilingi 3,200. Kosa hili tunalifanya hata sisi watu wazima. Tunauza mazao, tunasahau gharama ya magunia na usafiri, tunadhani tumepata faida.

JIOGRAFIA NA KISWAHILI

Maziwa yametoka wapi? Kwa nini ng'ombe wa maziwa wa kigeni hustawi Lushoto milimani kuliko Tanga pwani? Chumvi imetoka wapi? Ipo inayokaushwa kwa maji ya bahari. Ipo pia ya Uvinza, Kigoma, mbali na bahari, inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi. Watoto wachore ramani na kuonyesha.

Katika Kiswahili, watoto waandike hatua za kazi kwa mpangilio. Watunge sentensi kwa maneno haya: chemka, poa, vuguvugu, ganda, yeyuka.

JIHADHARI NA MAZIWA MABICHI

Baridi haiui vijidudu vyote vya magonjwa. Huvilaza tu. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu, na homa itokanayo na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe. Kwa hiyo lazima maziwa yachemshwe kwanza. Vyombo vioshwe kwa maji safi na sabuni. Barafu ya ndoo isiliwe.

KAZI YETU WAZAZI

Wazazi katika mikutano ya shule wanaweza kuzungumza na walimu juu ya njia hii. Mfugaji anaweza kutoa lita moja ya maziwa. Mwenye duka anaweza kutoa chumvi. Mahali pasipo barafu, mtindi unafaa, au hata shamba la shule.

Lakini kubwa zaidi ni kumsikiliza mtoto anapouliza. Mpemba alichekwa zaidi ya mara moja. Kama angenyamaza, swali lake lingekufa. Mtoto wako akikuuliza jambo usilolijua, usimcheke wala usimfukuze. Mwambie: twende tukajaribu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Mpemba aliweka maziwa yake yakiwa moto?
2. Kuganda kwa mtindi na kuganda kwa aiskrimu kuna tofauti gani?
3. Ni kitu gani kijijini kwenu kinachoweza kufundisha masomo mengi kwa pamoja?
4. Mtoto wako alikuuliza swali gani wiki hii? Ulimjibuje?