Viendelezi Vinapogoma

Juni ni mwezi wa foleni katika saiba za Kericho, Litein, Sotik na Bomet mjini. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, na kila mwenye PIN, awe mwalimu, mwendesha bodaboda au kijana asiye na ajira anayejaza ritani ya sifuri, anataka risiti yake kabla ya saa sita usiku. Katika msongamano huo ndipo kompyuta huamua kuleta kisirani. Kitufe kinabofywa na hakuna dirisha linalofunguka. Risiti haishuki. Jana kila kitu kilikuwa sawa. Mhudumu anailaumu KRA, mteja anamlaumu mhudumu, na wote wawili wanaulaumu mtandao. Kumbe wakati mwingine mkosaji ni kijiprogramu kilichojibanza pembeni mwa kivinjari, ambacho hakuna anayekumbuka ni nani aliyekiweka.

Kijiprogramu hicho huitwa kiendelezi. Ndilo jina utakaloliona ukiitumia Chrome kwa Kiswahili. Hupachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi ambayo hakikuja nayo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga anayeandika tasnifu kwa Kiingereza huweka Grammarly imsahihishie sarufi. Anayenunua bando kwa megabaiti huweka kizuia matangazo, maana video ya tangazo hula bando sawasawa na video aliyoitaka mwenyewe. Mwenye saiba huweka kishusha video kwa ajili ya wateja wanaokuja na flashi kuchukua nyimbo za injili. Mwingine ana kihifadhi nywila, mwingine mkoba wa sarafu za kidijitali. Na kizuia matangazo hicho hicho kinachookoa bando kinaweza kufunga dirisha ibukizi ambalo ndani yake tovuti ya serikali au ya benki ilikuwa inataka kukupa risiti.

Watu wa nchi ya majani chai wanaweza kuielewa hali ya kiendelezi upesi kuliko wengine. Ni kibarua katika shamba la kampuni: kikapu ni chake, ujuzi ni wake, lakini lango si lake. Mwenye lango ni kampuni inayotengeneza kivinjari. Ikibadilisha masharti usiku, asubuhi kibarua yuko nje, na wewe uliyezoea huduma yake unabaki ukibofya kitufe kisichoitika.

Kisa kinachokumbukwa zaidi kilitokea Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2019. Muda mfupi baada ya saa tisa usiku kwa saa za Kenya, cheti cha kidijitali ambacho Mozilla, watengenezaji wa Firefox, hukitumia kuidhinisha viendelezi kiliisha muda wake. Firefox ilikuwa imeagizwa isikubali kiendelezi kisicho na sahihi halali, nayo ikatii agizo. Kote duniani viendelezi vilizimika, vizuia matangazo kwa vihifadhi nywila. Kwa kuwa kivinjari hukagua sahihi hizo mara moja kila saa 24, watu hawakupigwa kwa wakati mmoja: huyu alikwama alfajiri, jirani yake akaendelea hadi jioni akidhani mwenzake ameharibu kompyuta. Hata Tor, kivinjari cha wanaoficha nyayo zao mtandaoni, kilipoteza NoScript, mojawapo ya ngao zake. Mozilla ilituma dawa ya muda siku hiyo hiyo, na toleo la 66.0.4 likatoka siku iliyofuata.

Hakuna mtumiaji aliyekuwa amekosea lolote. Ila walikuwako waliojiongezea hasara. Walivifuta viendelezi wakitumaini kuviweka upya, bila kujua kwamba ukifuta kiendelezi unafuta pia mipangilio na data zake. Waliovuta subira walivikuta vimerudi na kila kitu chao. Wengine walibuni hila: walirudisha nyuma tarehe ya kompyuta hadi siku ambayo cheti kilikuwa bado hai, na kivinjari kikadanganyika.

Saa ya kompyuta ina uzito huo, na katika miji ya Kericho na Bomet jambo hili lina sura yake. Huku ni kwa radi na mvua ya mawe, na stima hupotea bila taarifa. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo bapa iitwayo CR2032, sawa na zile zinazouzwa na mafundi wa saa, inayotunza tarehe wakati umeme umekatika. Kompyuta iliyonunuliwa mitumba huwa na betri iliyokwisha kuchoka. Stima ikipotea na kurudi, kompyuta inaamka ikiamini kwamba ni mwaka 2009. Hapo kila cheti cha usalama kinaonekana kama kimetolewa katika siku zijazo: tovuti ya KRA inapigiwa kelele kwamba si salama, na viendelezi vinavyohitaji kuwasiliana na seva zao vinashindwa. Mhudumu anaweza kupoteza asubuhi nzima akifuta na kusakinisha upya Chrome, na kumbe tiba ilikuwa kusahihisha tarehe na kubadilisha betri.

Uzee wa kompyuta una adhabu nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Google nayo ikafuata: toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 ni la 109, na tangu Februari 2023 kompyuta hizo hazipokei jipya. Kivinjari kimesimama, tovuti zinasonga, na kiendelezi kilicho katikati hakijui kimfuate nani. Upande wa Firefox, tarehe 14 Machi 2025 cheti kingine cha msingi kilifika mwisho wake. Safari hii Mozilla ilitoa onyo mapema: kila aliyekuwa na toleo la chini ya 128, au la chini ya 115.13 kwa wale wa toleo la muda mrefu, asasishe au viendelezi vyake vizimike. Aliyezoea kulifunga tangazo la kusasisha kila linapochomoza hakuwa na wa kumlaumu.

Mwaka huo wa 2025 ndio pia uliohitimisha mabadiliko makubwa kuliko yote, ya Chrome. Kanuni zinazoeleza kiendelezi kiandikwe vipi na kiruhusiwe kufanya nini zilikuwa katika toleo la pili. Google ikaleta la tatu, ambalo lilianza kukubaliwa katika Chrome 88 mapema 2021. Kati ya mwaka 2024 na 2025 viendelezi vya kanuni za zamani vilionyeshwa mlango, kwanza kwa maonyo, kisha kwa kuzimwa. Aliyepigwa zaidi ni uBlock Origin, kizuia matangazo cha bure kilichoandikwa na Raymond Hill na kutumiwa na mamilioni ya watu. Chini ya kanuni za zamani, kiendelezi kiliweza kukagua kila ombi linalotoka kwenye kivinjari na kulizuia papo hapo. Kanuni mpya zinakitaka kiikabidhi Chrome orodha ya sheria zake mapema, na kazi ya kuzuia ifanywe na Chrome yenyewe. Google inasema lengo ni usalama, faragha na kasi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana kiendelezi kinachosoma kila ombi kinaweza pia kuiba kila ombi. Lakini kampuni inayoishi kwa kuuza matangazo inapopunguza makali ya kizuia matangazo, raia ana haki ya kuinua nyusi. Hill alitoa toleo jepesi, uBlock Origin Lite, linalokubalika Chrome. Lile kamili bado linafanya kazi kwenye Firefox.

Zipo pia nyakati ambapo kiendelezi kuzimwa ni baraka. The Great Suspender kilipendwa na wenye kompyuta dhaifu kwa sababu kililaza vichupo visivyotumika ili kumbukumbu ipumue. Katikati ya mwaka 2020 mwenyewe alikiuza kwa mnunuzi ambaye hakujitambulisha, na mwezi Februari 2021 Google ikakizima kwenye kompyuta za watumiaji zaidi ya milioni mbili, ikisema kimebeba programu hasidi. Vichupo vyao vyote vilivyolazwa vikapotea kwa mpigo. Waliotazama vizuri katika historia ya kivinjari waligundua kwamba anwani halisi ya kila ukurasa ilikuwa bado imekaa mwishoni mwa ule mstari mrefu wa anwani. Waliinakili, wakaokoa kazi zao.

Krismasi ya 2024 ilikuwa na ya kwake. Mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ya Marekani ya usalama wa data, alinaswa na barua pepe iliyojifanya ya Google. Wezi wakapata ruhusa ya kuchapisha toleo bovu la kiendelezi cha kampuni hiyo, na toleo hilo likajisasisha lenyewe kimya kimya kwa watumiaji hadi likaondolewa. Ikiwa watu wa usalama wanaweza kuibiwa hivyo, kishusha video kilichotoka kusikojulikana kina dhamana gani? Watengenezaji wa Internet Download Manager, programu inayopendwa mno na wenye saiba, wamelazimika kuwaonya wateja kwamba viendelezi vinavyojitokeza ukitafuta jina lao katika duka la Chrome ni bandia. Chao huja pamoja na programu yenyewe.

Basi fundi mwenye busara hufanya nini kiendelezi kikigoma? Kwanza hujiuliza kama tatizo ni la kiendelezi kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na mtandao ukawa wa kusuasua Kenya na Tanzania. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa na wadukuzi na huduma zikayumba. Siku kama hizo kufuta viendelezi ni kuchimba kisima mtoni. Kipimo chepesi ni kuifungua tovuti ile ile katika hali fiche, ambayo kwa kawaida huviacha viendelezi nje. Ikifanya kazi humo, mshukiwa ni kiendelezi. Isipofanya, tazama kwingine.

Akishampata mshukiwa, hufungua ukurasa wa viendelezi na kuusoma. Ajabu ni kwamba watu wengi huuruka, ilhali mara nyingi jibu limeandikwa pale pale: kimezimwa kwa sababu hakitumiki tena, au kimeharibika na kuna kitufe cha kukirekebisha, au kinataka ruhusa mpya kabla ya kuwaka. Ruhusa hiyo nayo isomwe. Kikokotoo kinachotaka kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote kina ajenda isiyo ya hesabu. Viendelezi vikiwa vingi, huzima nusu yake na kujaribu. Tatizo likiisha, mkosaji yumo katika nusu iliyozimwa, naye huigawa tena. Kuzima ni bora kuliko kufuta, kwa sababu kilichozimwa hurudi na data zake. Mwenye mkoba wa sarafu kama MetaMask asiufute kabisa kabla ya kuhakikisha kwamba yale maneno yake 12 ya siri yameandikwa mahali salama. Bila hayo, fedha haziko tena mikononi mwake.

Saiba ina kisa kimoja zaidi ambacho huwachanganya wateja wa kila siku. Wenye saiba wengi huweka programu kama Deep Freeze, inayoirudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa. Mteja anaweka kiendelezi leo, kesho hakipo, na analalamika kwamba kuna mtu anayemchezea. Hakuna. Kompyuta imesahau kwa makusudi, na kumbukumbu hiyo fupi inamlinda yeye mwenyewe.

Kwa simu, ambayo ndiyo kompyuta pekee ya watu wengi vijijini kuanzia Konoin hadi Chepalungu, habari ni fupi. Chrome ya kawaida ya Android haipokei viendelezi. Kivinjari cha Kiwi kilichovipokea kilisitishwa Januari 2025 na kuwaacha waliokizoea wakitafuta pengine pa kuhamia. Firefox ya Android ilifungua mlango kwa viendelezi mamia tangu Desemba 2023, na leo ndiyo njia iliyo wazi zaidi.

Na ukiwa kwenye kompyuta isiyo yako, usianze kubahatisha ni viendelezi gani vimo ndani yake. Mwombe mhudumu akufungulie dirisha la mgeni kabla hujaandika nywila yako ya eCitizen, ya KRA au ya benki. Dirisha hilo halina kiendelezi hata kimoja, na likifungwa hufuta historia na kila ulichojaza humo.