Kufundisha Mzunguko: Uendelevu Katika Shule za Tura

Utangulizi

Wachungaji wengi huingia shuleni kila juma kufundisha kipindi cha dini, na baadhi yetu tumo katika bodi za shule. Kwa sababu hiyo, swali la namna ya kuwafundisha watoto matumizi mema ya ardhi, misitu na vitu vilivyotengenezwa haliwezi kuachiwa walimu wa sayansi peke yao. Katika makala haya tutaeleza maana ya uendelevu na ya uchumi wa mzunguko, kisha tutaonyesha jinsi mambo hayo yanavyoweza kufundishwa katika shule ya kijijini. Mfano wetu ni Tura, katika Mkoa wa Tabora. Hoja yetu ni moja: mtoto hajifunzi mzunguko kwa kukariri maana yake, bali kwa kuusimamia mzunguko mmoja mpaka auone umerudi ulikoanzia, naye akapata sehemu yake katika faida.

1. Njia moja na mzunguko

Tura ilikuwa kituo mashuhuri katika njia ya misafara. Wapagazi waliotoka pwani walivuka kwanza nyika ya Mgunda Mkali yenye uhaba wa maji, ndipo wakafika Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi, wakapata chakula. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Vitambaa, shanga na bunduki vilipanda bara. Ndovu walipopungua mahali pamoja, wawindaji walisogea mbele zaidi. Huo ndio uchumi wa njia moja: kutwaa, kutumia, kumaliza, kisha kuhamia pengine.

Uchumi wa mzunguko una kanuni tatu. Kwanza, kitu kipangwe tangu mwanzo ili kisizae taka. Pili, kitumike kwa muda mrefu kwa kutunzwa, kutengenezwa na kutumiwa tena. Tatu, kilichotoka katika ardhi kirudi kuilisha ardhi. Shabaha yake ni uendelevu, ambao tume ya Umoja wa Mataifa chini ya Gro Harlem Brundtland iliueleza mwaka 1987 kuwa ni maendeleo yanayotimiza mahitaji ya leo pasipo kuwazuia wajao kutimiza yao.

2. Somo lililo mbele ya macho

Mwalimu wa Tura hana haja ya kutafuta mifano mbali. Msitu wa miombo huwalisha nyuki kwa maua yake. Hata hivyo, mzinga wa asili wa magome hutengenezwa kwa kuuchuna mti ulio hai, na mti uliochunwa gome pande zote hufa. Kwa namna hiyo mfugaji huua mti uleule unaolisha nyuki wake. Mzinga wa sanduku la mbao hutumika kwa miaka mingi, na miti inayosimama huendelea kutoa maua. Mtoto anayeyalinganisha mambo hayo mawili amekwisha kuelewa kanuni ya pili.

Mfano wa tumbaku ni mgumu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayolipia sare na madaftari ya watoto wengi mkoani Tabora. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni. Mwalimu asiwafundishe watoto kuwadharau wazazi wao. Awaulize: bani moja hula kuni kiasi gani kwa msimu, na miti hiyo huchukua miaka mingapi kurudi? Miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka katika visiki vyake, endapo visiki havikung'olewa wala kuunguzwa mara kwa mara.

Kwamba ardhi iliyochoka yaweza kurejea, majirani zetu wa Shinyanga wameonyesha. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, haukuleta elimu ngeni tu. Ulihuisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Eneo la ngitili lilikuwa hekta zipatazo 600 mwanzoni. Miaka ya 2000 ilipoanza lilikuwa limepita hekta 300,000.

3. Urithi wa Elimu ya Kujitegemea

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alisoma na kufundisha mjini Tabora, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kuamua mipango na matumizi ya mapato. Penye shule nyingi kazi ilibaki na elimu ikatoka: jembe likawa adhabu, mavuno yakaenda yasikojulikana, na udongo haukurudishiwa kitu. Hapo shamba lenyewe lilikuwa njia moja. Ye yote anayetaka kufundisha uendelevu leo hana budi kujihadhari na kosa hilo, maana mtoto aliyetumikishwa huchukia shamba na somo lake pia.

4. Namna ya kufundisha

Tunapendekeza kuanza na jiko la uji. Kwa juma moja wanafunzi wapime kuni, majivu na mabaki, na hesabu hizo ziwe somo la hisabati. Kisha mabaki, majani mabichi, nyasi kavu na samadi vipangwe kwa tabaka, vinyunyiziwe maji na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi michache mboji huwa tayari. Itiwe katika tuta moja, tuta la pili lisitiwe, na mavuno ya yote mawili yapimwe mbele ya watoto.

Kwa vitu vya kiwandani, mafundi wa kijiji ni walimu. Katambuga zimetokana na matairi, na koroboi na makopo. Plastiki haiozi kama jani, na kuichoma hutoa moshi wenye sumu. Ndiyo maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wanafunzi watenge takataka na kuuliza kila kitu kingeweza kuzuiwa, kutengenezwa au kurudishwa namna gani.

Hitimisho

Mchungaji anayetembelea shule, au mjumbe wa bodi, ana maswali matatu ya kuuliza. Je, watoto wanajua kitu hiki kilitoka wapi na kinakwenda wapi? Je, walishirikishwa katika kuamua? Je, wamekula matunda ya kazi yao? Pasipo majibu hayo, neno uendelevu litabaki ubaoni mpaka lifutwe. Yakiwepo, hata tuta moja la mchicha litatosha kuanza.